Wageni wanne wa semina, mmoja tu ndiye aliyetufundisha utafiti. Kwenu mnafanyaje?

Nyakwar_Dunga · mwanzilishi wa uzi · Jumapili, saa 3:20 usiku

Wadau, hamjambo. Nafundisha chuo kimoja huku kandokando ya ziwa. Jina nalimeza, bado nakula mkate wao.

Mwaka jana mkuu wa idara aliniita ofisini akafunga mlango. Nikajua nimeshtakiwa. Kumbe nilikuwa napewa kazi: kila mwezi nitafute mgeni mmoja aje azungumze na wahadhiri kuhusu utafiti. Bajeti ni chai, mandazi na nauli ya mgeni. Sababu yake mnaijua. Tangu CUE, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, watoe mwongozo wa 2014, mhadhiri anatakiwa awe na shahada ya uzamifu, na cheo kinapandishwa kwa pointi za machapisho. Sisi wengi wetu tuliajiriwa kufundisha. Darasa likiisha lingine linangoja, kisha kuna rundo la mitihani ya kusahihisha. Utafiti tuliufanya mara ya mwisho tukiandika tasnifu, na hata hiyo tuliandika tukimwogopa msimamizi.

Mgeni wa kwanza alikuwa profesa mwenye jina, kutoka Nairobi. Slaidi 94. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mada: umuhimu wa utafiti katika maendeleo. Jamani, mtu aliyeacha darasa akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki saa nane mchana hahitaji kuambiwa utafiti ni muhimu. Alimaliza, tukapiga picha, akawahi ndege.

Wa pili alikuja na programu ya takwimu, akabofya bofya mbele yetu kwa saa mbili. Ilikuwa nzuri kama sinema. Kesho yake hakuna aliyekumbuka abofye wapi.

Wa tatu alikuta watu sita ukumbini, wawili wao ni wa mitambo. Aibu ile sitaisahau.

Wa nne ni mama mmoja mtafiti wa afya. Hakuwa na slaidi. Alifungua bahasha ya kaki akatoa nakala, akazigawa mstari kwa mstari kama karatasi ya mtihani. Ilikuwa barua ya jarida lililomkatalia makala yake, na kurasa tatu za maoni ya wahakiki. Ya kwake mwenyewe, jina lake juu! Akasema, "Someni dakika kumi, kisha mniambie ningejibu vipi." Halafu akaketi, akamimina chai.

Ukumbi ulinyamaza, watu wakainamia karatasi. Mhakiki wa pili alikuwa ameuliza: kwa nini sampuli ni watu 384? Nikaona wenzangu wanatazamana. Nusu ya tasnifu tulizosimamia zina 384. Yangu ina 384. Mama akauliza nani anaweza kumjibu yule mhakiki. Madaktari kumi na tisa wa falsafa tulikuwa mle ndani. Hakuna mkono ulioinuka.

Siku hiyo watu walitoka saa kumi na mbili na nusu, mandazi yamebaki. Nataka kujua: kwenu semina za namna hii zinaendaje? Nani wa kualikwa, na afanye nini?

---

Jicho_la_Kondele · Jumapili, saa 3:41 usiku

Mandazi yamebaki? Hiyo sasa ni habari ya gazeti.

---

Mzee_wa_Posho · Jumapili, saa 3:58 usiku

Nitasema ambalo wengine wanaliogopa. Bila posho hakuna semina. Mhadhiri wa muda anafundisha vyuo viwili au vitatu ili alipe kodi ya nyumba, wewe unamwita saa nane aje ajifunze kujibu wahakiki. Akirudi nyumbani watoto watakula majibu ya wahakiki? Wekeni hata nauli, ukumbi utajaa.

---

Njoro_Baridi · Jumapili, saa 4:15 usiku

@Mzee_wa_Posho kujaa utajaa. Huku Nakuru tuliwahi kujaribu. Watu waliweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wakangoja bahasha, chai ikapita, wakapungua mmoja mmoja kwa kisingizio cha simu. Mgeni alimalizia akizungumza na viti.

Kilichotusaidia kilikuwa kugeuza sharti. Huingii bila karatasi yako. Rasimu ya makala, ukurasa mmoja wa pendekezo la ruzuku, hata jedwali moja la data lililokushinda. Mgeni anatumiwa karatasi tatu wiki moja kabla, anazisoma, na siku yenyewe tunazifungua hizo hizo. Hatuzidi watu kumi na wawili. Mkuu wa kitivo alilalamika kwamba idadi ni ndogo kwa ripoti yake. Tukamwambia ahesabu makala zilizotumwa.

---

Hesabu_za_Mumias · Jumapili, saa 4:52 usiku

Hiyo 384 imeniamsha kitandani. Wacha niitoe hapa mara moja, muihifadhi.

Chukua 1.96, ambayo ni ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ipige kwa yenyewe. Zidisha kwa 0.5 (unadhani nusu ya watu wako hivi), zidisha tena kwa 0.5 (nusu nyingine). Gawanya kwa 0.05 mara 0.05, ile asilimia 5 ya kukosea. Unapata 384.16. Basi, hakuna uchawi. Krejcie na Morgan walichapisha jedwali lao mwaka 1970, na ukitazama umati wa watu milioni moja utaikuta 384 imekaa pale. Wanafunzi wetu wananakili kutoka kwa wanafunzi waliotangulia, nao walinakili, mpaka imekuwa kama namba ya leseni.

Sasa namba ile inajibu swali moja tu: nataka kujua ni asilimia ngapi ya watu wako hivi au vile, nakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, umati ni mkubwa sana, nami nimewachagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Ondoa sharti lolote hapo, namba inakufa.

Una walimu 400 tu kwenye kaunti ndogo? Huhitaji 384. Jedwali lile lile linakupa 196. Watu wanahangaika kutafuta walimu 384 kati ya 400, karibu wawamalize wote, wakati nusu ingetosha.

Umechagua shule kwanza, kisha watoto 20 kila shule? Hapo 384 ni ndogo mno. Watoto wa shule moja wanakunywa uji wa sufuria moja, wana mwalimu mmoja, wanaumwa na mbu wale wale. Ukimsikiliza wa kwanza, umeshaanza kumsikia wa pili. Hesabu yake ni 1 jumlisha 19 (wale 20 ukitoa mmoja) mara kiwango cha kufanana kwao. Kikiwa 0.1, unapata 2.9. Zidisha 384 kwa 2.9 uone: zaidi ya watoto 1,100. Na ukiwa na watoto 384 tu kwa mtindo huo, kitakwimu umehoji kama 130.

Na ukilinganisha makundi mawili, dawa na isiyo dawa, hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Usiiguse 384.

@Nyakwar_Dunga yule mama angeulizwa haya na mwanafunzi darasani, angejibu bila bahasha. Alitaka ninyi mnyamaze kwanza.

---

Nyakwar_Dunga · Jumapili, saa 5:06 usiku

@Hesabu_za_Mumias Mwalimu, ndicho alichofanya. Alingoja ukimya ukomae, ndipo akaenda ubaoni. Alianza na sufuria ya omena, si uji, lakini hoja ni ile ile.

---

Samia_Mpakani · Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Mulembe wote. Nyumbani ni Funyula. Kama mnatafuta kitu cha kufundishia, kiko huku huku kwetu Busia, msiende mbali.

Mwaka 1998 shule za msingi 75 za Budalangi na Funyula zilipangwa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza likapewa dawa ya minyoo mwaka huo, la pili 1999, la tatu 2001. Edward Miguel na Michael Kremer wakachapisha matokeo mwaka 2004 katika jarida la Econometrica: utoro shuleni ulipungua, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika kwa sababu minyoo haikuenea kwa majirani. Kremer ni mmoja wa watatu waliopata Nobel ya uchumi 2019.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wageni wa slaidi wanapenda kusimulia. Tamu iko mbele. Watafiti hawa walitoa data na msimbo wao wa kompyuta kwa wengine wauchambue upya. Mwaka 2015 uchambuzi huo ukachapishwa, na yakapatikana makosa, likiwemo la kuhesabu watoto wa shule za jirani. Wenyewe wakakiri makosa, wakaeleza ni kipi kinabadilika, wakasimama na hitimisho lao kuu. Wataalamu wakabishana miezi na miezi, wa uchumi upande mmoja, wa magonjwa upande mwingine.

Nawauliza ninyi wahadhiri: ni nani kati yetu ana folda ya data ya mwaka 2015 ambayo akiombwa leo anaweza kuitoa, na mtu mwingine akaielewa? Mimi yangu iko kwenye flashi moja, safu zimeandikwa Q1, Q2, Q3, na hojaji yenyewe ililiwa na mchwa.

Mlete mgeni afundishe hilo tu: kupanga data ili mgeni aweze kuikosoa.

---

Jicho_la_Kondele · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mchwa ndio wahakiki wa kweli. Hawabakishi.

---

Mkutubi_Mkimya · Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Nafanya kazi maktaba, chuo cha umma, magharibi. Nawasoma siku zote bila kusema. Leo nina dukuduku.

Mnalipa nauli ya profesa kutoka Nairobi, na mimi niko ghorofa ya chini, mita hamsini. Vyuo vinachangia pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, ili mpate majarida ya kulipia. Mwezi mzima naweza kukaa bila mhadhiri mmoja kuniuliza anaingiaje. Badala yake mnaombana PDF kwenye WhatsApp.

Kila juma naletewa na mhadhiri barua pepe ya kumwalika achapishe. Juzi mhadhiri wa fasihi alialikwa na jarida la uvuvi. Wanamwita profesa mashuhuri naye ni mhadhiri msaidizi. Wanaahidi kumhakiki kwa siku tatu, kisha atume dola. Orodha ya Jeffrey Beall, yule mkutubi wa Colorado aliyekuwa akiwaanika wachapishaji wa kilaghai, iliondolewa mtandaoni Januari 2017, na orodha yoyote inachakaa. Kwa hiyo siwapi orodha. Nawakalisha, tunafungua jarida pamoja: wahariri ni akina nani, na je, wenyewe wanajua kwamba wamo? Jarida liko DOAJ, ile orodha ya majarida yanayosomwa bure? Makala za toleo lililopita zinasomeka, au kichwa kinazungumza samaki na mwili unazungumza benki? Dakika ishirini zinatosha kumwokoa mtu.

Na Zotero, programu ya kupanga marejeleo, pia ni ya bure. Nimeshawahi kumwona mtu mzima na shahada tatu akipanga marejeleo 140 kwa mkono kwa alfabeti, usiku, machozi yakimlengalenga. Aliponionyesha, sikucheka. Nilimwekea programu, tukaanza upya na la kwanza.

Mnaposema "mgeni mwalikwa", mgeni si lazima avuke milima ya Mau kutoka Nairobi.

---

Nyakwar_Dunga · Jumatatu, saa 4:44 asubuhi

@Mkutubi_Mkimya dada, nimepigwa na nimepokea. Hata kwetu sijawahi kumwalika mkutubi. Nilidhani ni kazi ya kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza rafu ziko wapi.

---

Bado_Mchanga · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Shikamooni. Mimi ndio nimeajiriwa mwaka huu. Semina zenu hizi zina jambo hamjalitaja. Ukumbini anakaa aliyekuwa msimamizi wangu, mkuu wangu wa idara, na mwenyekiti wa kamati itakayonipandisha cheo. Mgeni anauliza, "Kuna swali?" Nitauliza vipi tofauti ya kosa la kawaida (standard error) na mchepuko wa kawaida (standard deviation) mbele ya watu hao? Nitaonekana sikustahili shahada. Kwa hiyo natikisa kichwa kama naelewa, nakwenda nyumbani kutazama video.

---

Hesabu_za_Mumias · Jumatatu, saa 2:25 usiku

@Bado_Mchanga marahaba mwanangu. Nikuambie siri: mwenyekiti wa kamati naye anatikisa kichwa.

Mchepuko unakueleza watu wanatofautiana kiasi gani wao kwa wao. Kosa la kawaida linakueleza wastani wako ungeyumba kiasi gani kama ungerudia utafiti na watu wengine. Ukiongeza sampuli, la pili linapungua. La kwanza linabaki palepale kwa sababu watu hawaachi kutofautiana kwa kuwa umewahoji wengi. Umeuliza vizuri.

---

Njoro_Baridi · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Kwa hilo sisi tunatumia vikaratasi. Kila mtu anaandika kitu ambacho hajawahi kukielewa, bila jina, anatupa ndani ya kikapu. Mgeni anachomoa. Mara ya kwanza vikaratasi saba kati ya kumi na viwili viliuliza jambo moja: maana ya thamani ya p, ile namba ya kupima kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu. Mwandiko mmoja niliutambua. Ulikuwa wa profesa. Nimekaa kimya mpaka leo na nitakufa nao.

---

Prof_Asiyependa_Kelele · Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Nimesoma yote. Mnafurahisha, lakini mnapaka rangi ukuta unaobomoka. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliandika kwamba Mfuko wa Taifa wa Utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Niambieni ni nani kati yenu ameziona hizo pesa. Mhadhiri ana mzigo wa kufundisha unaomlemea, maabara haina kemikali, ninyi mnazungumza habari ya kualika wageni na kikapu cha vikaratasi. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni muda na fedha.

---

Samia_Mpakani · Jumanne, saa 3:30 asubuhi

@Prof_Asiyependa_Kelele heshima zako Prof, na kuhusu fedha sina ubishi. Ila tangazo la ruzuku likitoka, wanaoshinda ni wale wale, na si kwa sababu ya ukabila kila mara. Nimekaa kwenye jopo la ndani la kusoma mapendekezo. Kati ya yaliyoanguka, mengi bajeti haikulingana na kazi iliyoelezwa. Mtu anaomba kuhoji kaya 600 za Teso kwa wasaidizi wawili, siku tano. Piga hesabu: kaya 60 kwa msaidizi kwa siku. Hata mwenye boda hafikishi. Hapo hakukosekana fedha.

---

Prof_Asiyependa_Kelele · Jumanne, saa 3:52 asubuhi

Hilo la bajeti nakubali. Hayo mengine hapana.

---

Nyakwar_Dunga · Ijumaa, saa 4:10 usiku

Mrejesho, kama nilivyoahidi wale wa faraghani. Leo tulikuwa na mgeni wa tano, na nimezua balaa.

Sikumwalika profesa. Nilimwalika mzee mmoja wa Seme ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akikusanya data vijijini kwa ajili ya watafiti wa kila aina. Cheti chake ni cha kidato cha nne. Tangazo lilipotoka, wahadhiri wawili wakubwa waliandika kwenye kikundi kwamba hawawezi kufundishwa utafiti na "mbeba hojaji". Mmoja akajiondoa kikundini. Mkuu wa idara akanipigia: una uhakika? Sikuwa nao, ila nikasema ninao.

Tulikuja watu kumi na wanne, kila mmoja na hojaji yake kwa mtindo wa Njoro. Dakika ya tano stima ikapotea. Projekta hatukuwa tunaihitaji, tukafungua madirisha.

Mzee alichukua hojaji ya mwenzetu wa kilimo. Swali la nne: una ng'ombe wangapi? Akacheka taratibu. Akasema, "Japuonj (mwalimu), ukiingia kwa mtu ukamhesabia ng'ombe, atakupa namba ya kukutoa nyumbani kwake." Yeye huanza na maziwa. Asubuhi mmekamua? Nani alikamua? Wangapi wana ndama? Wangapi wako kwa ndugu? Kufika mwisho wa mazungumzo ameshawapata wote, pamoja na wale wa kwa shemeji ambao swali lako la nne lisingewaona kamwe. Watoto pia hawahesabiwi kwa kidole. Unawataja majina kutoka mkubwa kushuka, na hapo hapo anayesimulia anamkumbuka aliyefariki, na wewe unanyamaza mpaka amalize.

Kisha akashika fomu ya ridhaa, iliyotafsiriwa kwa Dholuo. Akatuonyesha neno nonro. Kwetu ni utafiti, akasema, lakini redioni hulitumia pia polisi wakichunguza mauaji. Sasa mama yuko jikoni, wewe umefika na gari na karatasi ya kutia sahihi, unamwambia umekuja kufanya nonro. Atakubali kila kitu, na hiyo si ridhaa. Akatuonyesha anavyosema yeye: sentensi nne, ya mwisho ikiwa "ukikataa, tutakunywa maji yako niende zangu".

Mwenzetu wa sosholojia, uzamifu wake ni wa ng'ambo, alikuwa anaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Akaazima yangu hakuirudisha.

Balaa lenyewe: mkuu wa kitivo anataka kujua nauli na posho ya heshima ya mzee zitaandikwa kwenye fungu gani, kwa sababu fomu ya malipo ya mtoa mada ina nafasi ya shahada ya juu zaidi na haipokei kidato cha nne. Mhasibu amerudisha fomu mara mbili. Kwa sasa nimemlipa kutoka mfukoni mwangu.

---

Mzee_wa_Posho · Ijumaa, saa 4:22 usiku

Si nilisema mambo yote yanarudi kwenye posho?

---

Bado_Mchanga · Ijumaa, saa 4:31 usiku

Mwalimu, mkimwalika tena niambie. Nitatoka Bondo kwa gharama yangu. Hojaji yangu ina swali la ng'ombe.

---

Mkutubi_Mkimya · Ijumaa, saa 4:40 usiku

Andika "mtaalamu wa nyanjani" kwenye nafasi ya shahada, uambatishe barua ya mkuu wa idara. Kwetu ilipita.

---

Nyakwar_Dunga · Ijumaa, saa 4:47 usiku

@Mkutubi_Mkimya nitajaribu Jumatatu. Mwezi ujao zamu ni yako, usikimbie. Na kuna flashi nyekundu imesahauliwa mezani leo, ina kamba ya viatu. Sijaifungua. Mwenye nayo anitumie ujumbe aniambie ndani kuna nini.

---

Samia_Mpakani · Ijumaa, saa 4:49 usiku

Kama kuna safu zimeandikwa Q1, Q2, Q3, si yangu. Yangu ni ya buluu.